Kujifunza kupiga rivasi na semi chini ya mwalimu mkali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilianza kama tingo, yaani msaidizi wa dereva, kwenye njia ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, nikajifunza kwa dereva mmoja mkali sana, na leo nafundisha vijana kwenye yadi. Maswali ninayoulizwa zaidi ni ya rivasi, na nyuma ya mengi kati ya hayo kuna mwalimu anayefoka. Majibu haya yanahusu semi, yaani kichwa kinachovuta tela moja lililounganishwa nacho kwa kingpini, ile pini ya chuma iliyo chini ya pua ya tela, usukani ukiwa kulia kama ilivyo kwenye magari mengi ya Tanzania na Kenya.

Kwenda mbele nimezoea ndani ya siku chache. Mbona rivasi mwezi wa pili huu bado?

Ukienda mbele, kichwa kinavuta na tela linafuata, hata ukikosea kidogo linajinyoosha lenyewe. Ukirudi nyuma unasukuma kitu chenye kiungo katikati, na kosa dogo linakua kila mita unayorudi. Halafu sehemu kubwa ya unachokisukuma huioni. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.2, na kona yake ya nyuma upande wa abiria ikishapotea kwenye kioo, unaendesha kwa kukisia. Mwezi wa pili ni kawaida. Mimi nilichukua zaidi ya hapo.

Kwa nini nikikata kulia mkia unaenda kushoto?

Tafuta vipande viwili vya mche wa sabuni, kimoja kifupi na kimoja kirefu. Vilaze mezani, ncha ya kirefu ikae juu ya kifupi, upigilie msumari pale vinapokutana. Huo msumari ndio kingpini. Sasa shika kile kifupi peke yake ukirudishe nyuma, na makalio yake uyapeleke kulia. Utaona pua ya kipande kirefu inasukumwa kulia, na kwa kuwa kina sehemu yake ya kuzungukia huko kwenye matairi ya nyuma, mkia wake unachepuka kushoto.

Fanya hivyo mara thelathini usiku kabla ya kulala. Nasema kwa dhati kabisa. Mimi mwenyewe nilikuja kuelewa juu ya meza ya mama ntilie pale Mikumi, baada ya wiki nzima ya kuelezwa kwa kelele.

Ukiwa kwenye usukani, weka mkono chini kabisa, pale penye namba 6 kama usukani ungekuwa saa. Unakousukuma huo mkono ndiko mkia utakakoelekea. Mkono kulia, mkia kulia. Huhitaji tena kupiga hesabu ya kinyume kichwani huku mtu anakupigia kelele.

Na ukiwa unarudi moja kwa moja, angalia vioo vyote viwili. Ukiona ubavu wa tela unaanza kuonekana zaidi kwenye kioo cha kulia, kata usukani kulia, kidogo tu, halafu nyoosha. Ukionekana zaidi kushoto, kata kushoto. Fuata kioo kinachojaa.

Mwalimu anapiga kelele "kata kulia!" nikikata kulia anafoka zaidi. Anataka nini?

Hili swali nalipenda kuliko yote, kwa sababu lilinigharimu taa.

Ilikuwa Makambako, usiku, kwenye ghala la mahindi lenye nguzo mbili za zege mlangoni. Dereva wangu alikuwa nyuma na tochi. Akapaza sauti, "Kata kulia! Kulia wewe!" Nikakata usukani kulia. Akapiga kelele zaidi, nami nikazidi kukata kulia. Nilisikia kabla ya kuona: mlio kama wa mtu aliyekanyaga chupa tupu ya maji. Taa ya nyuma kushoto ilikuwa imebanwa kwenye nguzo, plastiki nyekundu imemwagika chini, na mwanga wa tochi umetulia juu yake. Nilitukanwa mbele ya wapakuzi wote na taa ikakatwa kwenye posho yangu.

Asubuhi, chai ikiwa mezani, nikamwuliza, "Mkuu, jana uliposema kulia, ulimaanisha usukani au mkia?" Akaacha kutafuna. Akasema, "Mkia. Mimi siku zote nasema mkia." Tulikuwa tumesafiri pamoja miezi minne na hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo.

"Kulia" ina maana tatu kwenye rivasi: usukani kulia, mkia kulia, au kulia kwa yule aliyesimama mbele ya gari akikutazama usoni, ambako kwako ni kushoto. Kabla gari halijatembea hata hatua moja, mwulize mwalimu ni ipi kati ya hizo. Mimi nawafundisha wangu kusema "mkia kwa dereva" na "mkia kwa abiria". Hapo hata aliyesimama amekupa mgongo hawezi kuchanganya.

Kubalianeni pia neno la kusimama, liwe moja tu. Kwetu ni "simama". "Hapo hapo" silipendi, kwa sababu kuna wanaosema "hapo hapo, njoo" wakimaanisha endelea.

Nianze na zoezi gani?

Moja kwa moja. Watu wengi wanakimbilia kuingiza kwenye mlango kwa sababu ndiko kwenye sifa, lakini asiyeweza kurudi mita 50 akiwa amenyooka hatauweza mlango. Tafuta kiwanja kikavu asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Panga madumu matupu ya lita 20 mistari miwili, uache nafasi ya kutosha kila upande, kisha uwe unayasogeza ndani siku baada ya siku. Dumu likigongwa halina gharama.

Ukishanyooka, ingia kwenye kona ya upande wa dereva. Kwetu hiyo ni kulia, kwa sababu unaweza kutoa kichwa dirishani ukaona matairi ya tela yanapita wapi. Ipite nafasi unayoitaka, simama, kata usukani kushoto taratibu mpaka mkia uanze kuelekea kulia. Ukishaanza kuelekea, usisubiri. Rudisha usukani, kisha ukate kulia ili kichwa kilifuate tela. Wanafunzi karibu wote wanachelewa hapa. Wanasubiri mkia ufike ndipo wanyooshe, na wakati huo pembe imeshakuwa kali mno.

Upande wa abiria uache mpaka mwisho. Na ukipata yadi unayoweza kuizunguka ili uingie kwa upande wa dereva, izunguke, hata kama ni dakika kumi zaidi.

Mwalimu anafoka mpaka nasahau nilichokuwa nafanya. Nifanyeje?

Simamisha gari. Kanyaga breki, weka gia huru, vuta hendibreki mpaka usikie upepo umetoka. Halafu ndipo umsikilize.

Usijaribu kusikiliza kelele huku matairi yanazunguka. Mtu anayefokewa huharakisha bila kujua, mguu unaachia klachi, mkono unazungusha usukani ili mradi aonekane anafanya kitu. Ajali nyingi za yadi nilizoziona zimetokea katika sekunde hizo tatu au nne za kutaka kumridhisha mtu. Gari likisimama, hasira ya mwalimu inabaki kuwa sauti tu.

Atasema, "Nani kakwambia usimame?" Jibu kwa heshima, neno moja tu: "Sijaelewa, mkuu. Naomba unielekeze tena." Usijitetee, usianze kueleza kosa lilikuwa la nani. Kwenye usukani hakuna mjadala unaoisha vizuri.

Mazungumzo yenyewe yapeleke kwenye chai, au jioni mkishapaki. Msalimie vizuri kwanza. Kama ni mkubwa kwako, shikamoo yake mpe kama siku zote, usiikate kwa sababu umenuna. Kisha mwambie jambo moja mahususi: "Mzee, nikisikia maelekezo mawili kwa mpigo nachanganyikiwa. Naomba unipe moja, nikilimaliza unipe la pili." Ukimwambia "wewe ni mkali sana" hana la kufanya na maneno hayo. Ukimwomba kitu kimoja anachoweza kukibadilisha kesho asubuhi, wengi hukibadilisha, hata kama hawatakubali kwamba wamekibadilisha.

Na niwatetee kidogo hao wazee. Dereva wa miaka ishirini anarudisha semi kama anavyotembea. Mikono yake inajua, ila hajawahi kutafutia maneno kile mikono inachokijua. Unapokosea anaona kosa mapema kuliko wewe, lakini kinachomtoka ni kelele, kwa sababu sentensi haijamjia. Ndiyo maana maswali yako mafupi yanamsaidia na yeye pia. Mwulize, "Hapa wewe ungeangalia kioo gani?" Mara nyingi atatulia, akae mwenyewe kwenye kiti, afanye polepole, kisha aseme jambo ambalo hujawahi kulisikia kwa mtu mwingine.

Ananipokonya usukani kila nikikosea.

Hii ni hatari, maana miguu ni yako na mikono ni yake. Mwombe mkubaliane hivi: akiona hatari aseme "simama", nawe utasimama papo hapo, kila mara, bila kuuliza. Ukimwonyesha siku mbili tatu kwamba neno lake linasimamisha gari kweli, mkono wake utarudi mapajani. Wengi wanapokonya kwa sababu mwanafunzi aliyetangulia hakusimama.

Wangu hasemi kitu. Analala, au yuko kwenye simu.

Basi usirudi nyuma bila mtu mwingine. Mwamshe, au mwite tingo au mlinzi wa yadi asimame pale unapoweza kumwona kwenye kioo. Akipotea kwenye kioo, simama mpaka aonekane tena.

Anasema kushuka kwenda kuangalia ni uoga.

Shuka. Hapa sina maneno ya kupunguza makali. Nimewaona madereva waliovuka mlima wa Kitonga mamia ya mara wakishuka kuangalia nyuma ya tela kwenye yadi wanayoijua kama chumba chao, kwa sababu jana hapakuwa na mtoto aliyekaa kivulini na leo anaweza kuwepo. Nyuma ya matela yaliyopaki kunakaa watu: mama anayeuza karanga, fundi aliyelala chini ya ekseli, kijana anayekimbia jua.

Ukishuka, zunguka gari lote. Angalia juu pia, maana nyaya za umeme na paa la ghala havionekani kwenye kioo. Angalia ardhi kama ni laini. Tazama na mbele, kwa sababu kichwa kikikatwa pua yake inafagia upande wa pili, na wengi wamegonga gari la jirani wakiwa wamekaza macho nyuma. Rudi kwenye kiti, uanze mara moja. Ukikaa dakika tano, kile ulichokiona kimeshabadilika.

Akikucheka, acha acheke. Mwambie, "Nimeona, mkuu, tuendelee."

Nitajuaje kwamba kichwa kinakaribia kujikunja na tela?

Ukiona kwenye kioo kimoja ubavu mzima wa tela na kwenye kingine huoni tela kabisa, pembe imekuwa kali. Kuna mahali ikifika, hata ukate usukani mpaka mwisho haitafunguka tena. Kila unavyorudi inazidi kujifunga. Kona ya tela itafika kwenye mgongo wa kebini, na mipira ya upepo na waya wa umeme vilivyo katikati vitakatika au kubanwa. Dawa ni kwenda mbele. Nyoosha gari, vuta mita kumi au hata ishirini, anza upya. Wanafunzi wanaona aibu kwenda mbele kama vile wameshindwa. Kwenda mbele ni sehemu ya rivasi, na mwalimu wako anakwenda mbele pia anapokuwa peke yake.

Klachi inanuka. Nakosea wapi?

Unaning'inia kwenye klachi nusu nusu. Weka rivasi ya chini kabisa, achia klachi yote, usikanyage mafuta. Injini ya dizeli ikiwa inaunguruma tu yenyewe ina nguvu ya kulirudisha gari kwenye uwanja tambarare. Ukiona ni kasi mno, kanyaga klachi yote na usimame, kisha uanze tena.

Tela fupi la futi 20 si ndiyo rahisi?

Hapana. Tela fupi linageuka haraka, linakukimbia kabla hujafikiri. La futi 40 ni zito kuanza kugeuka lakini linakupa muda. Na ukipewa pulling, lori lenye tela la kuvutwa kwa mkono wa chuma, jua kwamba hapo kuna viungo viwili na kila ulichozoea kinageuka tena. Usikubali kujifunza vyote wiki moja.

Mimi ni mwanamke. Mwalimu anasema hii kazi si yangu, na wakati mwingine anaongea maneno mengine.

Kwenye rivasi hakuna kinachohitaji kifua kipana. Usukani una msaada wa haidroliki, na wanawake niliowafundisha walikuwa wepesi kushuka kuangalia, jambo ambalo wavulana nawalazimisha. Kwa maneno ya "kazi si yako", jibu lako ni madumu yaliyosimama wima.

Maneno mengine ni jambo jingine. Mwalimu akikuwekea sharti la kimapenzi ili akupe usukani au akupitishe, hiyo ni rushwa ya ngono, na Tanzania ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113. Andika tarehe, mahali na maneno aliyosema, mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo. Usisafiri naye peke yako huku ukisubiri kuona kama atabadilika.

Ukali unaisha wapi, na unyanyasaji unaanzia wapi?

Kufoka kwamba umekaribia nguzo, huo ni ukali, vumilia. Kukupiga, kukutukania wazazi, kunywa pombe kisha kukusimamia, kukuamrisha urudi nyuma wakati wewe na yeye hamwoni nyuma: hayo peleka kwa afisa usafirishaji wa kampuni. Ulizia kubadilishiwa mwalimu kwa sauti ya kawaida, ukieleza tukio moja moja na siku yake. Ofisi nyingi zinasikia zaidi "tarehe fulani yadi fulani alisema hivi" kuliko "ananionea".

Naweza kujifunzia barabarani nikiwa tingo bila leseni?

Hapana, hata kama dereva amechoka na anakusihi. Kata leseni ya kujifunzia, kisha utafute daraja E kwa Tanzania. Kenya ni daraja CE. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, Dar es Salaam, kina kozi ya magari makubwa ya mizigo. Uzuri wa chuo ni kwamba unapata uwanja na mtu aliyefundishwa kufundisha. Uzuri wa kumfuata dereva ni kwamba unaona yadi za kweli, za matope na giza. Anayeweza apite kote kuwili.

Niko Marekani, nasomea CDL, leseni ya huku ya magari makubwa, kwa Kiingereza, na mwalimu anaongea haraka. Haya yananihusu?

Ndiyo, ila geuza pande. Huko usukani uko kushoto, kwa hiyo upande wako rahisi ni kushoto na upande usioonekana ni kulia. Mkono chini ya usukani unafanya kazi vile vile. Tangu tarehe 7 Februari 2022, anayeomba CDL kwa mara ya kwanza lazima apite kwenye mafunzo yaliyosajiliwa. Sheria hiyo haikuweka idadi ya chini ya saa. Mwalimu ndiye anayethibitisha kwamba unaweza. Una haki ya kumwambia arudie. Kwenye mtihani kushuka kuangalia kunaruhusiwa lakini kwa idadi, basi uliza mapema ni mara ngapi katika kila zoezi. Na mwombe akuonyeshe kila neno kwa kidole kwenye gari lenyewe kabla ya kuwasha.

Nimegonga. Mwalimu anasema tuondoke kimya kimya.

Usiondoke. Zima injini, vuta hendibreki, angalia kwanza kama kuna mtu. Piga picha ya pale ulipogusa na ya gari lote, kabla ya kulisogeza. Mtafute mwenye ghala au mlinzi, mwambie wewe mwenyewe, kisha upige simu ofisini. Kama kuna aliyeumia, gari libaki hapo hapo mpaka polisi wafike.

Jioni, ukishatulia, chora kwenye daftari: kichwa kilikuwa wapi, tela wapi, nani alisimama wapi, neno gani lilisemwa. Mimi mchoro wangu wa Makambako bado ninao. Una nguzo mbili, tochi, na neno "kulia" nililolizungushia duara mara tatu. Kila mwanafunzi mpya akifika yadini namwonyesha kabla sijampa funguo, halafu tunakubaliana maneno.